Usaili wa kazi kwa wanachuo wa Arusha na Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mwanachuo aliye mwaka wa mwisho, au aliyemaliza karibuni, awe anasoma Njiro, Tengeru, Makumira, Mweka, KCMC au Chuo Kikuu cha Ushirika. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine. Jambo moja tunalisisitiza tangu mwanzo: hakuna msaili anayemtegemea mwanafunzi awe na miaka ya kazi. Anamtafuta mtu anayeweza kueleza kwa undani kazi ndogo aliyoifanya kwa mikono yake.

## Kabla ya kuitwa

1. Nianze kujiandaa lini hasa?

Siku unayoripoti fildi. Majibu mengi mazuri ya usaili hutoka kwenye zile wiki chache za mafunzo kwa vitendo, na anayengoja hadi aitwe hukuta ameshasahau tarakimu zote. Daftari la fildi linalokaguliwa na chuo halitoshi, kwa sababu wengi hulijaza sentensi za kumridhisha msimamizi: "Leo nilijifunza kuhusu utunzaji wa kumbukumbu." Miezi sita baadaye sentensi hiyo haikukumbushi chochote.

Weka daftari la pili, la kwako mwenyewe. Kila Ijumaa andika mambo manne: kazi uliyoifanya wewe, kiasi chake (hati ngapi, vyumba vingapi, sampuli ngapi), kilichokwama, na hatua uliyochukua. Usiandike majina ya wagonjwa wala ya wateja. Kabla hujaaga, mwombe msimamizi wako wa kazi ridhaa ya kumweka kama mdhamini kwenye CV, na uchukue namba yake binafsi, maana watu huhama ofisi.

2. Waajiri wa huku huita watu usaili miezi gani?

Inategemea sekta. Kampuni za utalii, hoteli na kambi za kitalii hujaza nafasi kabla msimu haujachanganya mwezi Juni, kwa hiyo Machi hadi Mei, mvua za masika zikiendelea, ndiyo wakati wa kupeleka barua na kukaa karibu na simu. Shule binafsi hutafuta walimu kuanzia Oktoba hadi Januari, kwa kuwa mwaka wa masomo huanza Januari. Serikali haina msimu. Matangazo hutoka wakati wowote kwenye Ajira Portal, na anayefungua mara moja kwa mwezi huyakosa.

3. Nimepigiwa simu ya usaili nikiwa kwenye kifodi, kelele tupu. Nifanye nini?

Sema wazi: "Asante sana kwa kunipigia. Niko kwenye gari na sisikii vizuri. Naomba nikupigie baada ya dakika kumi." Hakuna mwajiri mwenye akili anayekasirishwa na hilo. Kinachoudhi ni kuitikia "sawa, sawa" kisha kupiga tena jioni kuuliza ni wapi.

Ukipiga, pata mambo matano: jina la ofisi na mtaa ilipo, tarehe na saa, nafasi unayosailiwa, aina ya usaili (wa kuandika, wa vitendo au wa ana kwa ana), na nyaraka zinazotakiwa. Saa irudie kwa maneno: "saa mbili asubuhi, Jumanne." Wito ukija kwa barua pepe ya Kiingereza, kumbuka kwamba 8:00 a.m. ni saa 2 asubuhi na 2:00 p.m. ni saa 8 mchana. Kuna watu wazuri wanaofika saa sita baadaye kwa kosa hili moja.

4. Nibebe nyaraka gani?

Vyeti halisi kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, kidato cha sita kama ulipita huko, hadi cheti cha taaluma na transkripti yake. Kitambulisho, ikiwezekana cha Taifa. Barua ya wito, au ujumbe wenyewe uliochapishwa. Barua ya kumaliza fildi. Nakala mbili za kila cheti, zilizogongwa muhuri na wakili endapo tangazo limetaka hivyo. CV nakala nne, kwa sababu jopo huwa na watu watatu au zaidi na mara nyingi aliyechapisha alichapisha moja tu. Kalamu mbili.

Zipange kwenye faili la plastiki kwa mpangilio huo huo, ili ukiombwa cheti cha kidato cha nne usianze kumwaga karatasi mezani. Wakati wa masika faili la karatasi halifiki salama.

5. Majina kwenye vyeti vyangu hayafanani. Je, ni tatizo kubwa?

Ni tatizo linalotatulika, ila halitatuliki asubuhi ya usaili. Tofauti ya herufi moja, jina la katikati lililoachwa, au jina la ubatizo lililoongezwa baadaye vinatosha kukusimamisha mlangoni kwenye usaili wa serikali. Dawa yake ni hati ya kubadili jina: inaandaliwa na wakili, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Anza mapema, ukiwa bado unasoma. Hakikisha pia jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA ndilo unalotumia kwenye maombi, neno kwa neno.

6. Cheti cha chuo hakijatoka, au kimepotea. Naweza kwenda?

Kwa mwajiri binafsi, mara nyingi ndiyo: barua ya chuo inayothibitisha kwamba umemaliza, pamoja na matokeo ya muda, hukubaliwa kwa sharti la kuleta cheti baadaye. Kwenye usaili unaoendeshwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma usitegemee hivyo. Matangazo yao husema bila kuzunguka kwamba hati za matokeo ya muda, pamoja na karatasi za matokeo za kidato cha nne na cha sita, hazikubaliwi.

Kilichopotea kinaanzia polisi: pata ripoti ya upotevu, kisha upeleke maombi kwa taasisi iliyotoa cheti, yaani NECTA (Baraza la Mitihani) kwa vyeti vya sekondari au chuo chako kwa cheti cha taaluma. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji uhakiki wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) au NECTA kulingana na ngazi ya cheti.

## Kuandaa majibu

7. Nimjue mwajiri kwa kiasi gani?

Kiasi cha kuweza kuuliza swali la maana kuhusu kazi yake. Kukariri dira na dhima kutoka kwenye tovuti hakumvutii mtu, kwa sababu kila msailiwa amefanya hivyo asubuhi ile ile. Jua anauza nini au anahudumia nani, wateja wake wanatoka wapi, na mazingira yanayombana.

Anayeitwa na kampuni ya utalii ajue kwamba Kilimanjaro ina mita 5,895, kwamba njia ya Marangu ndiyo yenye vibanda vya kulala ilhali Machame na Lemosho watu hulala kwenye mahema, na kwamba nyumbu huzalia pande za Ndutu mwanzoni mwa mwaka na kuvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Anayeitwa na SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, ajue kwamba zipo Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na aweze kueleza kwa sentensi mbili zinavyogusa leseni na mikopo. Anayeitwa na kampuni ya kahawa Moshi ajue Bodi ya Kahawa ipo mji huo huo, na aelewe zao linavyosafiri kutoka kwa mkulima hadi mnadani.

8. "Tueleze kuhusu wewe." Nianzie wapi?

Usianzie kuzaliwa. Jopo lina CV yako mbele yake; idadi ya ndugu zako na shule ya msingi uliyosoma havihusiki. Tumia dakika moja hadi moja na nusu kwa mambo matatu: wewe ni nani kitaaluma sasa, kazi moja uliyoifanya inayokaribiana na nafasi hii, na kwa nini umeomba hapa. Kwa mfano:

"Naitwa Neema, nimemaliza stashahada ya uhasibu mwaka huu. Fildi nilifanya kwenye SACCOS ya wafanyakazi, na kwa wiki sita nilikuwa nalinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki kila mwisho wa juma. Nimeomba nafasi hii kwa sababu tangazo limetaja usimamizi wa marejesho ya mikopo, na hiyo ndiyo kazi niliyoiona kwa karibu na ninayotaka kuijua zaidi."

Hayo yanatosha. Likariri wazo, maneno yaache yaje yenyewe. Aliyekariri neno kwa neno hujulikana pale anapokatizwa katikati na kulazimika kuanza upya.

9. Sina uzoefu wowote. Nitajibu nini nikiulizwa "toa mfano wa wakati ulipotatua tatizo"?

Hili ndilo swali linaloangusha wanachuo wengi kuliko yote, na ndilo linaloandalika kirahisi kuliko yote. Uzoefu unaotafutwa hapa haulazimiki kuwa wa kulipwa. Fildi ni uzoefu. Mradi wa mwaka wa mwisho ni uzoefu. Kuwa mweka hazina wa kikundi cha darasa, kusaidia duka la shangazi soko la Mbuyuni, kuongoza kwaya, kufundisha tuisheni, kusimamia vibarua shambani wakati wa mavuno: yote yanahesabika ikiwa unaweza kuyaeleza kwa undani.

Andaa mifano sita kabla ya usaili: mmoja wa tatizo ulilotatua, mmoja wa kufanya kazi na mtu mgumu, mmoja wa kosa ulilolirekebisha, mmoja wa kazi yenye muda mfupi, mmoja wa kujifunza kitu kipya haraka, na mmoja wa uaminifu, hasa penye fedha au siri. Kila mfano uupange kwa hatua nne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawa yapi. Sehemu ya tatu ndiyo ichukue nusu ya muda. Jibu zima lisizidi dakika mbili.

Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: "Tulipokuwa fildi kulikuwa na changamoto ya stoo, tukashirikiana tukaitatua." La pili: "Dawa zilikuwa zinaisha muda rafu ya nyuma kwa sababu mzigo mpya uliwekwa mbele. Niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikahesabu rafu tatu, nikaandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nzito kwenye kila boksi, nikayahamishia mbele yanayokaribia kuisha. Mwezi uliofuata hatukutupa boksi hata moja kwenye rafu zile." Jibu la pili lina "ni", lina hesabu, na lina sababu ya tatizo. Jibu la kwanza lina "tu" mwanzo mwisho, na jopo halijui kama ulikuwepo.

Wanachuo wengi huona aibu kusema "nilifanya" kwa kuogopa kuonekana wenye majivuno. Malezi hayo ni mazuri, na huna haja ya kuyaacha: mtaje mwenzako kwa sehemu yake, kisha sema yako. "Mwenzangu alikuwa anasoma tarehe, mimi naandika na kupanga."

Usibuni mfano. Msaili mzoefu huuliza maswali matatu ya ziada, na mfano wa kubuni huishiwa kwenye la pili.

10. Nikiulizwa udhaifu wangu nijibu nini?

Taja udhaifu wa kweli ambao si uti wa mgongo wa kazi hiyo, na hatua unayoichukua sasa hivi. "Nilikuwa naogopa kuongea mbele ya watu, tangu mwaka wa pili nimekuwa najitolea kuwasilisha kazi za kikundi, na sasa naweza, ingawa bado naandika vidokezo." Lile jibu la "udhaifu wangu ni kufanya kazi kupita kiasi" wasaili wamelisikia mno. Mhasibu asiseme hesabu humchanganya, na muuguzi asiseme hana subira.

11. Kiingereza changu si kizuri. Nitasailiwa kwa lugha gani?

Hoteli za kitalii, mashirika yasiyo ya kiserikali na taasisi za kimataifa hutumia Kiingereza karibu muda wote. Shule za mchepuo wa Kiingereza pia. Ofisi za serikali, SACCOS na viwanda huchanganya, na jopo jingi hukuruhusu kujibu kwa Kiswahili ukiomba. Omba mwanzoni, kwa utulivu, badala ya kuhangaika dakika kumi kisha uombe.

Mazoezi yanayosaidia ni haya: ile mifano sita ya swali la 9 iseme kwa sauti, kwa Kiingereza, ukijirekodi kwenye simu. Sikiliza, andika maneno uliyoyakosa, rudia kesho. Wiki mbili za dakika ishirini kwa siku zina faida kuliko kukariri majibu hamsini ya kwenye intaneti. Sentensi fupi sahihi humjenga msaili imani. Sentensi ndefu ya kitabuni ikivunjika katikati inakuacha uchi.

12. Nina GPA ya chini, na niliwahi kupata sapu (mtihani wa kurudia). Nilizungumzie?

Usilianzishe wewe. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi tatu bila kumlaumu mwalimu: kilichotokea, ulichobadilisha, na matokeo ya muhula uliofuata. Kisha nyamaza. Anayejitetea dakika tano hulikuza jambo lililokuwa dogo.

## Siku yenyewe

13. Nivae nini, na bajeti yangu ni ndogo?

Suruali ya kitambaa na shati la rangi iliyotulia, au sketi, gauni au suruali ya heshima yenye kushuka chini ya magoti. Suti haina ulazima kwa nafasi za kuanzia. Soko la Memorial Moshi na la Kilombero Arusha yana mitumba mizuri. Nunua wiki moja kabla, mpelekee fundi arekebishe mabega na urefu, fua na piga pasi. Nguo inayokubana inakufanya uishike shike mbele ya jopo.

Viatu vifungwe na vifutwe. Vumbi la Moshi wakati wa kiangazi na tope la Arusha wakati wa masika vina adabu moja: beba kitambaa mfukoni na ufute viatu getini. Juni hadi Agosti asubuhi ya Arusha ni baridi kali, kwa hiyo beba sweta au koti linaloendana na nguo. Kwa usaili wa ufundi, tazama swali la 20.

14. Natoka Moshi, usaili ni Arusha saa 2 asubuhi. Nitoke saa ngapi?

Ukiweza, lala Arusha. Njia ni kama kilomita 80, na gari huchukua saa moja na nusu hadi mbili likisimama Boma Ng'ombe, Usa River na Tengeru. Noah na Coaster husubiri zijae, na kuanzia Tengeru asubuhi magari huongezeka. Ukilazimika kusafiri siku hiyo, uwe stendi ya Moshi saa 11 alfajiri. Kutoka stendi hadi Njiro, Sakina au Kisongo bado una safari nyingine ya kifodi, bajaji au bodaboda. Ukipanda bodaboda, mkoba na faili viwe mbele yako.

Fika eneo la usaili nusu saa kabla, mapokezi ripoti dakika kumi na tano kabla. Ukichelewa, piga simu ukiwa bado njiani.

15. Nisalimie "shikamooni" au vipi?

Kama jopo linaongea Kiswahili na lina watu wazima kuliko wewe, "shikamooni" ni sahihi na inapokelewa vizuri. Kama wamekupokea kwa Kiingereza, wajibu kwa Kiingereza. Mkono unyoshe baada ya wao kunyosha. Subiri uambiwe keti. Anayeongoza mwite "Mwenyekiti". Wengine "Bwana" au "Bi" na jina kama wamejitambulisha. "Mama", "dada" na "kaka" ni maneno ya heshima mtaani, lakini ndani ya chumba cha usaili yaache, kwa kuwa humfanya mmoja wa jopo aonekane ndugu yako.

16. Nikiulizwa kitu nisichokijua?

Sema hujui, kisha onyesha utakavyokipata. "Kiwango hicho sikikumbuki kwa uhakika, ningekithibitisha kwenye mwongozo kabla ya kumpa mteja jibu." Kwenye uuguzi, maabara, umeme na fedha jibu hili lina thamani kubwa kuliko kubahatisha, kwa sababu huko kubahatisha kunaumiza watu. Kama hukuelewa swali, omba lirudiwe mara moja. Kimya cha sekunde tano cha kufikiri hakina ubaya.

17. Wakiniuliza mshahara ninaoutaka?

Jua kwanza tofauti ya mshahara unaotajwa na unaofika mkononi. Chukua TSh 500,000. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10 kwa upande wako, yaani 50,000. Inabaki 450,000 ya kukatwa kodi. 270,000 za mwanzo hazitozwi, na 180,000 zinazobaki hutozwa asilimia 8 kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, yaani 14,400. Kama ulisoma kwa mkopo wa HESLB, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 75,000. Unaondoka na 360,600. Toa hapo kodi ya chumba na nauli, ndipo utajua kiwango chako cha chini.

Uliza waliomaliza mwaka mmoja kabla yako na wasimamizi wa fildi nafasi kama hiyo inalipa kiasi gani mjini hapa. Ukiulizwa, taja masafa: "Kwa nafasi hii nategemea kati ya kiasi hiki na hiki kabla ya makato, kulingana na marupurupu." Kwenye hoteli na kambi uliza kuhusu chakula, malazi na usafiri, kwani hubadilisha hesabu yote. Serikalini usijadili; ngazi ya mshahara imeshatajwa kwenye tangazo.

18. Mwishoni wakisema "una swali?"

Kuwa na mawili. Mazuri ni yale yanayohusu kazi: miezi mitatu ya mwanzo mfanyakazi mpya anategemewa kufanya nini, atasimamiwa na nani, majibu ya usaili yatatolewa lini na kwa njia gani. Likizo usiiulize hapa. Sheria inatoa siku 28 kwa mwaka na utaiona kwenye mkataba.

## Usaili wa aina maalumu

19. Usaili wa Utumishi, yaani wa Sekretarieti ya Ajira ya serikali, unatofautianaje na wa kampuni?

Una hatua. Kwanza mchujo, ambao kwa kawaida ni mtihani wa kuandika wenye watu wengi. Kada nyingine huongezewa usaili wa vitendo, kama udereva, ukatibu na ufundi. Mwisho ni mahojiano ya ana kwa ana. Majina hutangazwa kwenye tovuti yao na kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, kwa hiyo usisubiri simu. Usafiri, chakula na malazi unajigharamia. Ufike tarehe, saa na kituo ulichopangiwa, na nyaraka ziwe kama swali la 4 na la 5 yalivyoeleza. Kada zinazosimamiwa na bodi au mabaraza hudai cheti halisi cha usajili na leseni hai.

Mtihani wa mchujo hutoka kwenye majukumu yaliyoandikwa kwenye tangazo. Lichapishe tangazo, na mbele ya kila jukumu andika somo la chuo linalolihusu. Hiyo ndiyo ratiba yako ya kusoma. Kwenye mahojiano maswali husomwa kutoka kwenye karatasi ile ile kwa kila msailiwa na kila jibu hupewa alama. Ukiambiwa "taja hatua tano", zihesabu kwa sauti: ya kwanza, ya pili. Msaili anayejaza alama hawezi kukupa ya hatua aliyolazimika kuikisia. Uso usiocheka kwenye jopo hili haumaanishi umefanya vibaya.

20. Usaili wa vitendo hupima nini?

Mapokezi na huduma ya chakula: kupanga meza, kubeba trei, kumpokea mgeni anayelalamika. Wengi huangushwa na mpangilio wa kazi. Mikono huoshwa kwanza, glasi hushikwa chini, na meza hukaguliwa kabla ya kusema "tayari". Jikoni, kisu na usafi wa ubao vinatazamwa kabla ya ladha.

Umeme na ufundi: njoo na ovaroli safi na viatu vigumu. Zima, pima kuhakikisha hakuna umeme, ndipo ushike. Fundi anayeshika waya kwa kuambiwa tu kwamba umezimwa huweza kuondolewa papo hapo, hata kama angemaliza kazi vizuri. Sema unachofanya unapokifanya.

Ualimu wa shule binafsi: somo la majaribio la dakika 15 hadi 20 mbele ya darasa halisi au jopo. Andaa andalio la somo lililochapishwa, na mada ndogo inayoisha ndani ya muda. Kosa la kawaida ni kuongea dakika zote bila kumuuliza mwanafunzi swali hata moja. Azimio la kazi la muhula mzima likiwemo kwenye faili ni faida.

Ofisi na fedha: hupewa jedwali la Excel lenye makosa. Litazame zima kabla ya kugusa, tafuta namba zilizoandikwa kama maandishi, na hifadhi nakala ya awali. Waongoza watalii waweza kuonyeshwa picha za ndege, miti na nyayo, kisha wakaulizwa huduma ya kwanza: dalili za ugonjwa wa mwinuko na kwamba mgonjwa akizidiwa anashushwa, hapandishwi.

21. Usaili kwa Zoom au simu ya video nijiandae vipi?

Chagua mahali penye mtandao ulioupima siku moja kabla, saa ile ile. Mtandao wa hosteli saa 2 usiku si wa saa 4 asubuhi. Chaji simu na kompyuta zijae, kwani umeme hukatika. Bando liwe la angalau GB 2 hata kama una intaneti ya chuo, na simu iwe tayari kurusha mtandao. Kaa ukitazama dirisha, usilipe mgongo. Simu iegemezwe kwenye vitabu ifike usawa wa macho. Waambie wenzako chumbani saa na uweke karatasi mlangoni.

22. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko hapa Arusha. Mwanafunzi anaweza kuomba?

Nafasi za kitaalamu za Sekretarieti hudai uzoefu wa miaka na hushindaniwa na raia wa nchi zote wanachama. Mlango wa mwanachuo ni nafasi za mafunzo kazini, pale na kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Maswali yao mengi ni ya mifano kama swali la 9, na maandishi yako hupimwa sana.

## Hali ngumu

23. Wameniomba pesa ya fomu, sare au "usajili" kabla ya usaili.

Usilipe. Mwajiri wa kweli hakutozi kwa kukusaili. Dalili nyingine: namba ya simu binafsi pekee bila ofisi, usaili gesti au hotelini chumbani, mshahara mkubwa usiolingana na kazi, haraka ya kutuma kwa simu leo hii. Nenda ofisini kwao mchana, au piga namba iliyo kwenye tovuti rasmi. Msichana aliyeitwa mahali asipopaelewa aende na mtu, na aliyewekwa katika hali ya kuombwa rushwa ya ngono aondoke; TAKUKURU wana namba ya bure 113.

24. Wakiniuliza kama nimeolewa, nina mimba, kabila langu au dini yangu?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, pamoja na ulemavu na VVU, na ulinzi huo unamgusa hata mwombaji wa kazi. Chumbani, jibu la utulivu ni kulielekeza swali kwenye kazi: "Kama mnataka kujua iwapo ninaweza kufanya zamu za usiku, ndiyo, ninaweza." Una haki ya kutokujibu. Uliza pia moyo wako kama unataka kufanya kazi kwa mtu huyo.

25. Wiki mbili zimepita, kimya.

Jioni ya usaili au kesho yake tuma shukrani ya mistari mitatu kwa barua pepe. Tarehe waliyotaja ikipita kwa siku tatu za kazi, ulizia mara moja kwa maandishi. Baada ya hapo endelea na maombi mengine. Serikalini matokeo hutokea kwenye tovuti na akaunti yako.

26. Usaili umegongana na mtihani wa chuo.

Piga simu siku ile ile uliyoitwa, eleza, na uambatanishe ratiba ya mtihani. Kampuni nyingi husogeza kwa siku moja au mbili. Usaili wa Utumishi hausogezwi kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa huo zungumza na idara yako mapema kabla hujaamua.

27. Nimeitwa mara kadhaa na sipati. Tatizo liko wapi?

Angalia unakwama hatua gani. Ukiishia kwenye mtihani wa kuandika, rudi kwenye majukumu ya tangazo kama swali la 19. Ukifika mahojiano kila mara na kuishia hapo, CV yako ni nzuri na mifano yako ndiyo dhaifu. Irekodi tena na mpe mtu wa fani yako aisikilize, akuulize maswali matatu ya ziada kwa kila mmoja. Ukiitwa kwa nadra, tatizo ni CV. Unaweza pia kuwaandikia waliokukataa: "Naomba kujua sehemu moja ninayopaswa kuiboresha." Wachache hujibu, na wakijibu huwa wanakwambia jambo mahususi. TaESA, huduma ya ajira ya serikali, nayo hutoa ushauri wa kazi na kuunganisha wahitimu na nafasi za utarajali, ambazo zitakupa mifano mipya ya kuweka kwenye ile orodha ya sita.